Mdomo, simu au spika: elfu tatu zako za kutangaza ziende wapi?

Mwezi huu nimeulizwa swali moja na watu wawili wasiojuana. Wa kwanza ni mama wa Kisauni anayekaanga kachiri za muhogo, anazifunga vipakiti na kuzigawa madukani. Wa pili ni kijana wa Changamwe, fundi wa friji na viyoyozi. Kila mmoja amedunduliza shilingi 3,000, na kila mmoja anataka kujua aziweke wapi ili watu wamjue.

Walitarajia jibu moja na sikuwa nalo. Kachiri hununuliwa leo, na kesho, na keshokutwa mtoto akitoka madrasa. Friji huharibika mara moja baada ya miaka, na aghalabu huchagua usiku wa kuamkia Idi, nyama ikiwa imejaa. Mteja wa kachiri akikosea, amepoteza shilingi chache na hamu ya kutafuna. Mteja wa fundi akikosea, amepoteza friji, na pengine amemkaribisha mwizi mpaka jikoni. Biashara hizi mbili hazitangazwi kwa njia moja, hata kama mfuko wa kutangazia ni sawa.

Nimezipanga hapa njia tatu ambazo mfanyabiashara mdogo wa Mombasa anaweza kuzimudu: mdomo wa mteja, simu, na barabarani pamoja na redio. Zote nimezijaribu, mbili kati yake kwa hasara.

Kabla hujalipa chochote

Mwaka 1960 mwalimu wa biashara wa Kimarekani, E. Jerome McCarthy, aliyagawa mambo ya muuzaji katika mafungu manne: bidhaa yenyewe, bei yake, mahali inapopatikana, na namna ya kuitangaza. Mpaka leo wanafunzi wa biashara hukaririshwa mafungu hayo. Tatizo la mitaani kwetu ni kwamba watu huja mbio na fungu la nne ilhali matatu ya mwanzo yamelala. Namjua mtu aliyelipia tangazo la juisi ya ukwaju, na kila siku ikifika adhuhuri juisi imekwisha na ya kesho haijachemshwa. Tangazo lilimletea watu kweli. Wakarudi mikono mitupu, na kila aliyerudi alikuwa na la kusimulia.

Basi kama ladha haijatulia, bei inabadilika kwa kumtazama mteja usoni, au mtu hajui atakupata wapi, tengeneza hayo kwanza. Elfu tatu hazikimbii.

Tupime kwa nini?

Kila njia nitaipima kwa mambo matano. Gharama, na hapo nahesabu muda wako pia, maana muda wa mtu anayejiajiri ndio mtaji wake wa pili. Anayefikiwa, yaani je, anayesikia anaishi mahali unapoweza kumfikishia? Imani, yaani njia hiyo inampunguzia mteja hofu kiasi gani kabla hajatoa pesa. Kasi, yaani wateja watakuja upesi kiasi gani na mikono yako itawaweza? Na hesabu: utajuaje kwamba huyu kaletwa na njia ile na si nyingine?

Halafu kuna swali unalojiuliza mwenyewe, na kwangu mimi lina uzito kuliko yote matano: mteja wangu hununua mara ngapi, na anaogopa nini?

Njia ya kwanza: mdomo wa mteja

*Gharama.* Watu husema ni ya bure. Si kweli. Mdomo hulishwa. Yule mama wa Kisauni, siku niliyokwenda naye dukani, alifungua pakiti moja akaimimina kwenye kisahani cha plastiki juu ya kaunta, akakamulia ndimu na kunyunyiza pilipili ya unga, akamwambia mwenye duka, "Mwanangu, hii usiuze, waonjeshe." Alipakia vipakiti ishirini, kimoja kikaliwa bure. Hiyo ndiyo gharama yake ya kutangaza, na haikupita kwa mtangazaji yeyote. Kwa fundi, gharama ni kurudi. Baada ya wiki anapiga simu kuuliza, "Bado inagandisha?" Ikiwa haigandishi, anarudi kuitazama bila malipo. Siku hiyo haina faida, ila jirani wa mteja anaiona.

*Anayefikiwa.* Ni mtaa, baraza, chama cha kina mama, lango la madrasa, harusi. Hapa kwetu mpishi wa biriani ya harusi, mpambaji na mshonaji hupatikana kwa mdomo zaidi ya njia nyingine yoyote, na wengi wao hawajawahi kuandika kibao. Udhaifu ni kwamba mdomo hauvuki maji kirahisi. Mtu maarufu Kisauni anaweza kuwa hajulikani kabisa Likoni.

*Imani.* Hapa hakuna kinachoukaribia. Nilimsikia mzee mmoja barazani akiulizwa na mpwawe, "Ami, yule kijana wa friji uliyemleta, ni wa kuaminika?" Mzee hakueleza ujuzi wala vyeti vya kijana. Alisema, "Mamake namjua." Kazi ikapatikana.

*Kasi.* Polepole, isipokuwa habari mbaya, hiyo hukimbia. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na wafanyabiashara wengi wamejificha nyuma ya methali hiyo wakisubiri kujiuza. Mimi naisoma hivi: kizuri chajiuza kwa aliyekwisha kukionja. Kikikaa kabatini hakijiuzi hata kiwe kizuri vipi. Mtu wa kwanza lazima umwonjeshe wewe.

*Hesabu.* Rahisi ukiwa na adabu ya kuuliza. "Nani amekuelekeza kwangu?" Andika kwenye daftari, kisha mshukuru aliyemleta, hata kwa pakiti moja. Ukimlipa kwa siri ili asifie asichokijua, siku ikigundulika umempotezea yeye jina na wewe soko.

*Inamfaa nani?* Yeyote ambaye mteja wake anaogopa: fundi, mpishi wa shughuli, yaya, mwalimu wa ziada, mshonaji. Humfaa pia anayeuza kitu kinacholiwa kila siku na mtaa uleule. Haimfai mgeni aliyehamia juzi na hana wa kumtaja, wala mwenye mzigo ambao lazima uishe wiki hii.

Njia ya pili: simu

Watu huita yote "mitandao" kana kwamba ni kitu kimoja. WhatsApp ni sebule yako, wanaoingia ni wanaokujua. TikTok na Facebook ni uwanja wa wazi, anapita kila mtu. Anayetangaza sebuleni kama yuko uwanjani huwachosha jamaa zake, na anayetangaza uwanjani kama yuko sebuleni hasikiki.

*Gharama.* Bando na muda, na muda ndio unaoumiza. Kupiga picha moja nzuri ya pakiti kunataka mwanga. Mlangoni, saa nne asubuhi, kabla jua halijawa kali, chini kukiwa na kanga safi, utapata picha bora kuliko ya jikoni usiku chini ya taa ya njano. Kisha kuna kujibu. Mtu akiuliza saa mbili usiku na wewe ukamjibu kesho adhuhuri, amekwishanunua kwingine.

*Anayefikiwa.* Stetasi ya WhatsApp hukaa saa 24, na huonekana kwa watu mliohifadhiana namba. Ukituma ujumbe mmoja kwa orodha ya wengi, kikomo ni watu 256 kwa orodha, na haumfikii ila aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuandika tangazo, ni kumwomba mteja akiwa mbele yako: "Nihifadhi kwa jina la Kachiri, nami nikuhifadhi." Sekunde kumi hizo zina thamani kuliko mabandiko kumi.

Uwanjani mambo ni mengine. Niliwahi kuuza achari ya embe na mabuyu. Siku moja nikaweka video fupi ya mabuyu yakimwagiwa rangi na sukari ya moto, nikaenda kulala. Asubuhi nilikuta oda kutoka Eldoret, Kakamega, Nyeri. Nilifurahi kama mtoto wa Idi. Nikafunga chupa za achari kwa magazeti, nikazipeleka kwa mabasi. Mbili zikafika zimevuja mafuta kwenye mzigo wa mtu mwingine. Nikarudisha pesa za achari na nikalipia shuka za watu. Kosa halikuwa la video. Nilitangazia watu nisioweza kuwafikishia, kwa chupa ambayo haikuumbwa kusafiri. Mabuyu, kwa upande wake, yalifika salama yote.

Kwa fundi kuna kitu kingine wengi hukisahau: ramani ya Google. Kujiandikisha ni bure. Mtu ambaye friji imemfia usiku hakumbuki stetasi ya mwezi jana, anatafuta fundi aliye karibu sasa hivi. Ukiwa na jina, namba, saa za kazi na maoni matano ya wateja wa kweli, umemkuta siku yenyewe.

*Imani.* Ndogo, na si kosa lako. Watu wamelipa wakafungiwa namba. Unaweza kuipandisha kwa mambo madogo: uso wako uonekane, kibanda chako kionekane, namba ya Lipa na M-Pesa iwe ya jina la biashara, na aliye karibu aruhusiwe kulipa akipokea. Na bei iandikwe. Huu mtindo wa "bei njoo inboksi" mimi siupendi hata kidogo. Mnunuzi anadhani unataka kwanza kumpima mfuko, na mara nyingi anadhani sawa. Kuna kazi ambazo bei haitajwi kabla ya kuona, kama ya friji, lakini hata hapo unaweza kuandika ada ya kuja kuitazama.

Jambo la sheria: tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kutumia namba za watu kuwatumia matangazo kunahitaji ridhaa yao. Kuchukua namba kutoka kwenye daftari la harusi na kuwatumbukiza wote katika kundi lako si ujanja. Muulize mtu, na akikataa muache.

*Kasi.* Kubwa, na hupoa upesi vilevile. Jiandae kwa siku ya oda arubaini na wiki ya oda mbili.

*Hesabu.* Hapa ndipo watu hudanganyika. Watazamaji 8,000 si wateja 8,000. Tuseme umelipia tangazo kwa shilingi 3,000, na kwa kuuliza kila mmoja umegundua limekuletea wateja wapya 12. Kila mmoja amekugharimu shilingi 250. Kama pakiti ya kachiri inakuachia faida ya shilingi 20, mteja huyo lazima anunue pakiti 13 ndipo urudishe pesa yako. Akiwa jirani atazimaliza kabla ya miezi miwili, akiwa mpita njia umeliwa. Kwa fundi anayebakiza 1,500 kwa kazi moja, mteja wa 250 ni rahisi sana, hata asirudi tena. Tangazo ni lilelile, mmoja ameula na mwingine amejikwaa.

*Inamfaa nani?* Mwenye kitu kinachopendeza machoni: abaya, keki, pambo la hina, nyumba za wageni. Humfaa pia mwenye bidhaa inayosafiri bila kuvunjika. Haimfai asiyependa kujibu simu. Huyo aajiri mpwa.

Njia ya tatu: barabarani na hewani

Humu natia kibao, karatasi za kugawa, spika, stika na redio.

*Gharama.* Hutofautiana sana. Stika mia ni pesa unayoimudu. Kibao kinataka fundi wa maandishi, na pia uulize kaunti kuhusu ada ya tangazo kabla hujakipigilia ukutani, maana kibali cha biashara ni kimoja na cha kibao ni kingine. Spika ya kutembeza mtaani inataka leseni, maana kanuni za kelele za mwaka 2009 zinamgusa moja kwa moja mwenye kipaza sauti. Redio ndiyo ghali kati ya hizi, na tangazo moja la redio ni sawa na kokoto baharini. Kama huwezi kulirudia siku kadhaa, usianze.

*Anayefikiwa.* Kila mtu, na hiyo ndiyo faida na ndiyo hasara. Radio Rahma, Baraka FM na Pwani FM husikika madukani, kwenye matatu na kwa kina mama wanaopika, tena kwa lugha yetu. Wengi wao hawatakufuata TikTok maisha yao yote.

Karatasi za kugawa nina kisa nacho. Nilichapisha 500 za zile achari zangu, nikasimama kwenye mteremko wa feri ya Likoni jioni, nikijisemea kwamba anayevuka kwa miguu halipi, basi umati haukatiki. Zilikwisha kwa chini ya saa moja. Nikavuka nao nikiwa na kichwa kikubwa. Feri ilipofungua lango upande wa pili, watu wakatoka, nikabaki nikitazama sakafu: achari zangu zimekanyagwa, nyingine zimekunjwa kipepeo, moja imefungiwa njugu. Aliyepiga simu ni mmoja, akitaka kujua kama naajiri. Mtu anayekimbilia matatu haonji wala hafikirii chakula cha nyumbani kwako, anafikiria kiti.

*Imani.* Ya katikati. Sauti ya mtangazaji anayejulikana humkopesha muuzaji heshima kidogo. Kibao nacho kina ujumbe ambao simu haina: huyu yupo hapa, kesho pia nitamkuta. Kwa mtu anayeacha redio yake itengenezwe, huo ni ujumbe mzito.

Na kibao kinaweza kutembea. Nenda Biashara Street ukaangalie kanga za Kaderdina Hajee Essak, duka la tangu mwaka 1887. Kwenye nguo yenyewe imechapishwa "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Kila aliyejifunga kanga ile akaenda sokoni, msibani au arusini, alilibeba jina la mwenye duka, tena kwa pesa yake mwenyewe. Sijui tangazo lililotulia kuliko hilo. Sasa tazama vipakiti vya kachiri vya mtaani: mfuko mweupe, mshumaa umepita kuufunga, basi. Aliyezipenda hajui arudi kwa nani.

*Kasi.* Redio na spika huleta watu siku ileile. Kibao huleta mmojammoja kwa miaka.

*Hesabu.* Ngumu. Njia niliyoiona ikifanya kazi ni kuweka laini tofauti kwenye kibao au redio, namba usiyoiandika kwingine. Ikilia, unajua imetoka wapi.

*Inamfaa nani?* Mwenye duka lisilohama, mwenye msimu mfupi kama sare wakati shule zinapofunguliwa au kaimati za Ramadhani, na mwenye mzigo mkubwa wa watu wote kama magodoro. Mwenye kitu cha watu wachache, kwa mfano masomo ya kinanda, atalipia masikio elfu ili apate sita.

Wewe uko upande gani?

Kama unaanza leo na huna mteja hata mmoja, elfu tatu zako zote ziende kwenye kuonjesha, au kwenye kazi tatu za kwanza utakazozifanya kwa uangalifu wa kupita kiasi. Usilipie tangazo lolote mpaka uwe na watu kumi wanaoweza kukutaja kwa jina.

Ukiwa na wateja lakini wanakusahau, tatizo si kujulikana, ni kukumbukwa. Hapo stetasi ya WhatsApp inatosha, mara mbili tatu kwa wiki, isizidi, na iwe na bei.

Kama unauza kitu cha msimu, rudi nyuma kutoka siku ya mwisho. Anayeuza abaya za Idi akianza kutangaza siku ya ishirini na saba ya Ramadhani, mafundi wamekwishafunga vitabu. Hapa redio au spika yenye leseni inaweza kulipa, ikianza mapema na mzigo ukiwa tayari umeshonwa.

Kama wateja wako wako nje ya Mombasa, au ni wageni wanaokuja Desemba kutafuta nyumba Nyali na Bamburi, mdomo wa mtaa hautawafikia. Lipia simu, jibu upesi, onyesha picha za kweli za choo na za ngazi, si za bahari peke yake.

Na kama kazi imekuzidi, acha kutangaza kwa muda. Nimeona mshonaji mzuri akiharibikiwa kwa oda, si kwa kukosa oda.

Yule mama wa Kisauni amezigawa zake mara mbili: nusu ya kuonjesha katika maduka matano mapya, nusu ya kuchapisha karatasi ndogo yenye jina na namba ya kutia ndani ya kila pakiti. Kijana wa Changamwe alitaka redio. Nilimuuliza friji za nyumba ngapi amezitengeneza mpaka sasa, akakadiria mia moja na hamsini. Nikamuuliza, mwenye friji iliyoharibika husimama wapi akitafuta namba ya fundi? Akafikiri, akacheka. Husimama mbele ya friji. Ameagiza stika mia mbili za kubandika ubavuni, karibu na mlango: jina, namba, na mstari mtupu wa kuandika kwa kalamu tarehe aliyoitengeneza. Jumamosi anaanza kuwazungukia wateja wa zamani, kila mmoja amuulize kama bado inagandisha.